Mzabibu uliogeuka msitu

Bwana Shamba anajibu barua za wasomaji wa Tabora na Kigoma

SWALI

Bwana Shamba, salaam nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na ninaishi Ipuli, hapa Tabora mjini. Miaka minne iliyopita mkwe wangu aliniletea pingili za mzabibu wa aina ya Makutupora kutoka Hombolo, Dodoma, nami nikazipanda nyuma ya nyumba, mahali ambapo marehemu baba alikuwa na zizi la ng'ombe kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilishika miche 60. Nimeipanda katika mistari mitatu, mita moja na nusu kati ya mche na mche, nikasimika nguzo na kukaza waya. Kila mvua zinapoanza ninaweka madebe mawili ya samadi kwenye kila shina, na katikati ya mistari ninapanda karanga ili ardhi isikae bure.

Tatizo langu ni kwamba mizabibu imekuwa msitu. Machipukizi yanapita urefu wa mita nne, yameshavuka waya na kudandia paa la jiko, na majani yake ni mapana kama sahani za pilau. Zabibu zenyewe ni za kuhesabu, na nyingi huoza au kufunikwa na kitu cheupe kama unga kabla hazijaiva. Jirani yangu, ambaye amelima tumbaku maisha yake yote, alinishauri nikate kwa ukali, kwa hiyo Novemba iliyopita nilibakiza vigutu sita tu (vipande vifupi vya tawi) kwa kila mche, kila kigutu macho mawili ya kuchipua. Kwa mazoea ya kazi yangu nilipima kwanza: mche wa wastani ulikuwa umetoa kilo 2 za zabibu, na matawi ya msimu huo niliyoyakata, yakiwa hayana majani, yalikuwa na kilo 1.5. Baada ya wiki sita hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na tangu hapo ninakata ncha kila mwezi bila mafanikio. Je, nikate zaidi? Kuna dawa ya kuidumaza? Na samadi, niendelee nayo?

Mwalimu mstaafu, Ipuli

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Barua yako imenirahisishia kazi, kwa sababu wengi huniandikia kwamba mizabibu yao inakua kupita kiasi bila kunieleza kiasi chenyewe, na wewe umetumia mizani. Nitairudia mizani hiyo baada ya muda mfupi. Kwanza niseme wazi kwamba ushauri wa jirani yako, ingawa ulitolewa kwa nia njema, ndio uliochochea moto, na kwamba kila mkato unaoufanya mwezi hadi mwezi ni kutwanga maji kinuni.

Mzabibu wa miaka minne una shina na mizizi iliyojaa akiba ya chakula. Ukiukata juu, mizizi chini haipungui hata kidogo. Inabaki na nguvu ileile ya kunyonya maji na virutubisho, isipokuwa sasa nguvu hiyo haina pa kwenda ila kwenye macho machache uliyoyabakiza. Nguvu iliyokuwa igawanywe kwa machipukizi hamsini inasukumwa kwenye machipukizi kumi na mawili, na kila moja linatoka nene kama kidole gumba, likiwa na mwendo mrefu kati ya kifundo na kifundo na majani ya ukubwa uliouelezea. Ndiyo maana wiki sita baada ya kukata ulikuta hali mbaya zaidi, na nakuhakikishia kwamba ungebakiza vigutu vitatu ungekuta mbaya kuliko hiyo.

Kuhusu kukata ncha, jirani yako angeikumbuka tumbaku yake mwenyewe. Anajua vizuri kwamba akishakata ua, maotea huibuka kwenye kila kwapa la jani, na kazi ya kuyang'oa huwa haiishi hadi majani yavunwe. Mzabibu hauna tofauti. Ncha ya chipukizi inapokuwa hai hutoa kichocheo kinachoteremka na kuyalaza macho ya pembeni yaliyo chini yake. Ukiikata ncha, macho hayo huamka, na mahali palipokuwa na chipukizi moja panatokea matatu au manne. Mwezi unaofuata unakata hayo manne, nayo yanajibu kwa namna ileile. Ukuta wa majani unaouona leo umeujenga mwenyewe kwa mkasi, Mwalimu, na nisamehe kwa kulisema hivyo.

Sasa ardhi. Zizi la miaka ishirini ni benki ya naitrojeni. Kinyesi na mkojo wa ng'ombe vimeushibisha udongo huo kwa kina kirefu, na mizizi ya mzabibu, ambayo hushuka mbali kama haikukutana na mwamba, inakula huko bila kukuomba ruhusa. Naitrojeni ndiyo inayoamrisha majani na machipukizi. Juu ya benki hiyo wewe umeweka madebe mawili kila mwaka, na juu ya samadi umepanda karanga, zao la jamii ya mikunde ambalo kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuiongeza ardhini. Usingeweza kuushibisha zaidi kama ungekusudia.

Nakiri kosa la aina hii lilinipata mimi pia. Nilipojenga nilipanda mzabibu mmoja hatua mbili kutoka kwenye karo la maji ya bafuni, nikijisifu kwamba nimepata umwagiliaji wa bure. Kwa miaka mitatu ulitupa kivuli kizuri sana na vishada visivyojaza bakuli.

Turudi kwenye mizani yako. Wataalamu wa mizabibu hugawanya uzito wa zabibu zilizovunwa kwa uzito wa matawi ya msimu yaliyokatwa, na jibu linalotoka huwaeleza kama mti unakifanyia kazi chakula chake au unakitapanya. Mzabibu wenye uwiano mzuri hutoa jibu kati ya 5 na 10: kwa kila kilo ya matawi, kilo tano hadi kumi za zabibu. Jibu likizidi sana 10, mti umebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake na utachoka. Wewe umevuna kilo 2 kwa kilo 1.5 za matawi, yaani 1.3 hivi. Mti wako hauna kazi ya kutosha, na hapa ndipo dawa yake inapoanzia: upe kazi.

Kazi ya mzabibu ni macho na vishada. Kanuni inayotumiwa katika mashamba mengi ni kubakiza macho 30 hadi 40 kwa kila kilo ya matawi yaliyokatwa, kwa hiyo mche wako wenye kilo 1.5 ulistahili macho 45 hadi 60, na wewe ukaupa 12. Utaniuliza macho hayo yote yatakaa wapi, na ni swali la haki, kwa sababu kuyarundika mahali pamoja kutaleta giza lilelile. Kipimo kizuri ni machipukizi yasiyozidi 15 kwa kila mita ya waya. Macho 45 yanahitaji mita tatu. Mche wako una mita moja na nusu tu, yaani robo tatu ya mita kila upande kabla ya kugusana na jirani yake.

Kwa hiyo nakushauri jambo litakalokuuma: ng'oa mche mmoja na uache mmoja, mstari mzima, ubaki na miche 30 badala ya 60. Watu wengi hudhani kwamba kubana miche huifanya ishindane na kudumaa. Hilo hutokea kwenye udongo maskini. Kwenye udongo tajiri kama wa zizi, miche iliyobanwa haidumai, inasongana tu na kuwa kichaka. Mche utakaobaki utakuwa na mita tatu za waya. Chagua tawi zuri la msimu lililo mwishoni mwa kila mkono, yaani lile tawi la kudumu lililolazwa juu ya waya, unene wake uwe kama wa penseli au uzidi kidogo tu, ulilaze juu ya waya kuelekea nafasi iliyoachwa na mche uliong'olewa, na ulifunge kwa uzi laini usiokata ganda. Usirefushe mkono kwa zaidi ya mita moja kwa msimu mmoja, kwa sababu macho ya katikati ya tawi refu mno hulala na kuacha pengo. Wewe unahitaji robo tatu ya mita kila upande, kwa hiyo msimu mmoja unatosha. Yale matawi manene kama kidole gumba usiyachague hata yakivutia kwa ukubwa wake. Macho yake mara nyingi huzaa majani tu.

Kama moyo unakataa kabisa kung'oa, ipo njia ya pili, nayo ni ya kugawa majani badala ya kugawa miche. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani aitwaye Nelson Shaulis, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Geneva, jimbo la New York, alikabiliwa na mizabibu yenye nguvu kama yako, akaigawa katika kuta mbili: juu ya kila nguzo aliweka mti wa kukingama, waya mmoja ukapita upande huu na mwingine upande ule, na machipukizi yakaelekezwa kuning'inia chini kama pazia badala ya kupanda juu. Faida yake ni mara mbili. Nafasi ya macho inaongezeka maradufu bila kuongeza ardhi, na chipukizi linaloning'inia hupungua kasi lenyewe, kwa kuwa mzabibu kwa asili hukimbilia juu na hupoteza hamu unapogeuzwa kichwa chini. Mti wa kukingama uwe wa mita moja au zaidi kidogo, na waya ziwe juu, kiasi cha kimo cha mtu, ili pazia lipate pa kushukia. Kwako, ambako nguzo tayari ziko imara, gharama ni mbao na waya wa ziada. Hata hivyo mita tatu na zaidi kati ya mistari ni lazima, vinginevyo mapazia ya mistari miwili yatakutana na hutapata pa kupita.

Kwa nini ninasisitiza sana nafasi na mwanga? Kwa sababu jani moja la mzabibu hunasa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mwanga unaoliangukia. Jani la pili lililo chini yake linapata masalio, na la tatu linakaa gizani, halitengenezi chakula bali linakula. Lakini hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho yetu. Vishada vya msimu ujao huanza kutengenezwa ndani ya macho ya msimu huu, vikiwa vidogo mno, wakati chipukizi bado ni bichi, na jicho lililokulia kwenye kivuli mara nyingi huamua kutengeneza ukono wa kujishikia badala ya kishada. Hivyo majani mengi huleta kivuli, kivuli huleta macho tasa, macho tasa huleta mavuno haba, na mavuno haba huacha nguvu nyingi isiyo na kazi, ambayo hurudi tena kuwa majani. Mizabibu yako iko ndani ya mduara huo kwa msimu wa tatu au wa nne sasa.

Jaribio dogo litakusaidia kuuona. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, ingia chini ya mizabibu yako na utazame ardhini. Kama kivuli ni kizito kimoja bila madoa ya mwanga, majani yamepita kiasi. Ukiona madoa yanayocheza ardhini, hapo angalau kuna matumaini.

Mkasi una kazi yake pia, ila kwa wakati wake. Machipukizi yakiwa na urefu wa shubiri moja, pita mche kwa mche na kuyavunja kwa mkono yale yaliyotoka mawili kwenye jicho moja, yaliyotoka kwenye shina la zamani, na yale yanayoelekea ndani. Katika umri huo yanang'oka kwa kidole na hayaachi kidonda kikubwa. Usipunguze hadi kubaki machache, maana utakuwa umerudia kosa la Novemba kwa njia nyingine. Bakiza yale 15 kwa mita. Baada ya maua kushika tunda na zabibu kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi, ondoa majani yanayozunguka vishada, lakini upande wa mashariki tu, ule unaopokea jua la asubuhi. Upande wa magharibi uachie majani yake, kwa kuwa jua la alasiri la Septemba na Oktoba hapa Tabora linaweza kuzibabua zabibu zikawa kama zimemwagiwa maji ya moto. Ncha ukate mara moja tu, baada ya tunda kushika, na usikate chini ya jani la kumi na tano. Kishada kinahitaji majani kati ya 12 na 15 yaliyo kwenye mwanga ili kiive, na zaidi ya hapo ni mapambo. Vichipukizi vya pembeni vitakavyofuata, vile vinavyotokea karibu na vishada vivunjwe, vilivyo mbali viacheni.

Suala la kalenda ndilo linalowatatiza wengi wanaopokea mbegu na ushauri kutoka Dodoma. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo unachipua wakati wowote unapokatwa, na kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi. Wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba, na wanaweza kwa sababu mvua yao haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Tabora hupata mvua nyingi kuliko hiyo, inayoanza Novemba na kuachia Aprili. Ukipogoa Novemba, kama ulivyofanya, machipukizi yanatoka mvua ikiwa imekolea, yanakunywa yanavyotaka, na vishada vinaiva Machi kwenye unyevu. Hakuna mkasi wala waya utakaozuia hilo.

Kwa hiyo weka upogoaji wako mkuu katikati ya Mei, mvua zikishakatika, uvune Septemba. Katika miezi hiyo maji yako mkononi mwako, na maji ndiyo hatamu ya mzabibu. Mwagilia vya kutosha kuanzia kupogoa hadi maua yashike tunda, kisha punguza kidogo kidogo hadi zabibu zianze kugeuka rangi. Utajuaje kwamba umepunguza vya kutosha? Tazama ncha ya chipukizi. Chipukizi linalokimbia lina ncha iliyoinama kwa ulaini, na kono zake changa za kujishikia zimeipita ncha yenyewe na kusonga mbele kama pembe za konokono. Maji yakipungua, kono hizo hubaki nyuma ya ncha, hulegea na hatimaye hukauka na kudondoka, na majani ya karibu na ncha hukomaa na kuwa ya ukubwa mmoja na yale ya chini. Hapo ukuaji umesimama, na chakula kinaelekea kwenye tunda. Ukiona majani ya chini yanakuwa ya njano na kuanguka, umepitiliza, rudisha maji.

Msimu wa mvua usipogoe kwa kina. Ondoa yaliyokufa na yaliyosongamana, mti ubaki na macho mengi, na vishada vitakavyotokea uviache hata kama unajua havitakuwa vizuri, kwa kuwa vinakula nguvu ambayo ingekuwa matawi. Vilivyooza tu ndivyo viondolewe na kufukiwa mbali.

Samadi isimame. Si kupunguza, isimame kwa miaka miwili au mitatu, na usiweke urea wala mbolea yoyote yenye naitrojeni. Samadi yako haitakosa kazi, mahindi na mchicha vitaipokea kwa furaha. Kabla ya kuirudisha, chukua udongo wa sehemu nne au tano za shamba, kwa kina cha jembe na tena kwa kina cha nusu mita, uchanganye kila kina peke yake, na uulize mahali pa kuupimisha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kiko jirani nawe, anzia hapo. Karanga nazo zihamie kwingine. Mahali pake acha nyasi fupi zijifunike zenyewe kati ya mistari wakati wa mvua, zikatwe zikifika magotini, na majani yake yapelekwe kwa ng'ombe wa jirani badala ya kuachwa hapo hapo kama matandazo. Kila mzigo wa nyasi unaotoka shambani unatoka na sehemu ya ile naitrojeni ya zizi, na mizizi ya nyasi inagombania maji na mzabibu, jambo ambalo kwa mara moja katika kilimo chetu ndilo tunalolitaka. Karibu na shina pabaki safi. Najua macho ya mkulima wa Kitanzania hayapendi kuona nyasi shambani na majirani watasema Mwalimu amechoka, waache waseme.

Huo unga mweupe ni ubwiri unga. Ni kuvu anayependa kivuli na hewa iliyotuama, na hahitaji jani kulowana ili ashambulie, ndiyo maana unaweza kumwona hata kiangazi. Salfa ya unga au ya kuchanganya na maji humzuia vizuri ikianza kutumika mapema, machipukizi yakiwa mafupi, lakini usipulize jua likiwa kali kwa sababu huunguza majani. Kwa kuwa dawa haiwezi kupenya kwenye ukuta wa majani ulionao, fungua mwanga kwanza, vinginevyo utakuwa unapulizia majani ya nje huku kuvu akistarehe ndani.

Kuhusu dawa ya kuudumaza mti, zipo kemikali za aina hiyo duniani. Sikushauri uzitumie kwenye miche 30 ya nyuma ya nyumba ambayo wajukuu watakula zabibu zake, na hasa kwa kuwa kinachoisukuma mizabibu yako kiko ardhini na kwenye mkasi.

Jambo la mwisho, na hili ni la mwalimu wa hesabu. Mwezi Mei, kwenye miche mitano, bakiza matawi mawili marefu yenye macho manane hadi kumi pamoja na vigutu vya kawaida, na uyafunge uzi wa rangi. Zipo aina za mzabibu ambazo macho yake ya kwanza, yale yaliyo karibu na mkono, hayazai, na mwenye kukata vigutu vya macho mawili anatupa vishada vyote pamoja na matawi. Hesabu vishada kwenye jicho la kwanza, la pili, hadi la kumi, uandike daftarini. Ukiona vishada vinaanzia jicho la nne au la tano, upogoaji wako ubadilike kuwa wa matawi marefu. Niandikie matokeo, na uzito wa zabibu za Septemba pia.

SWALI

Bwana Shamba, mimi ni mama mwenye nyumba ya kupangisha Ujiji. Uani nina mzabibu mmoja wa zamani uliotanda juu ya kichanja, umefunika ua wote, na wapangaji wanapenda kuketi chini yake jioni. Lakini unadondosha majani, unaleta mbu, na zabibu zinazotoka ni juu kabisa ambako ndege tu ndio wanaozifikia. Kijana mmoja amejitolea kuukata shina ili uchipue upya. Nimruhusu?

Mama wa Ujiji

JIBU

Mama, usimruhusu. Mzabibu mmoja uliotandazwa juu ya kichanja kikubwa ni mzabibu uliopewa nafasi inayolingana na nguvu zake, na wengi wanaohangaika na mashamba yao wangekuonea wivu. Ukikatwa shina utachipua kwa hasira, na utapoteza kivuli kwa misimu miwili bila kupata zabibu zaidi.

Tatizo lako ni matabaka. Machipukizi ya kila mwaka yamepanda juu ya yale ya mwaka uliotangulia, na tunda linatokea kwenye tabaka la juu lenye jua. Kiangazi, baada ya mvua za Kigoma kukatika Mei, mpandishe huyo kijana juu kwa ngazi, ayaondoe matawi yote yaliyokauka na yale yaliyolaliana, abakize mikono mikuu minne au mitano iliyosambaa kama vidole vya kiganja, na kwenye kila mkono vigutu vilivyoachana kwa shubiri moja. Machipukizi mapya yakitoka, mengine yaelekezwe kupita chini ya fito za kichanja badala ya juu, ili vishada vining'inie mahali unapovifikia kwa mkono. Kisha uulize maji ya kufulia ya wapangaji yanamwagwa wapi. Kama yanamwagwa kwenye shina, na nyumba nyingi za uani ndivyo zilivyo, yahamishiwe kwenye mgomba. Mbu hawaletwi na mzabibu wenyewe, bali na unyevunyevu wa chini yake, nao utapungua jua likipata pa kuingilia.

SWALI

Bwana Shamba, nalima tumbaku Urambo. Nilibakiwa na mifuko miwili ya mbolea ya NPK ya tumbaku. Mwaka huu nimepanda mizabibu 20, imefikia magoti tu. Nimesikia mbolea huifanya mizabibu iwe majani matupu, naogopa kuitumia. Nifanyeje?

Mkulima, Urambo

JIBU

Ndugu mkulima, umesikia kweli, ila hayo yanahusu mzabibu uliokwisha kujengwa. Mche wa mwaka wa kwanza hauna tunda la kulinda, kazi yake ni kuota mizizi na kupandisha shina moja lililonyooka hadi kwenye waya, na kwenye udongo wa kichanga wa Urambo bila mbolea unaweza kukaa magotini miaka miwili. Weka kiganja kimoja cha mbolea hiyo kwa kila mche, umbali wa hatua ya mguu kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, mara mbili katika msimu huu wa mvua na si zaidi. Chagua chipukizi moja lenye nguvu, ulifunge kwenye mti wa kulishikilia, na mengine yavunje yakiwa madogo. Mche ukishafika kwenye waya na kushika mikono yote miwili, mbolea iliyobaki irudishe kwenye mahindi.